Fuata Ule Mbaya

Mjomba wangu alikuwa na mke mmoja, binti mmoja na mstari mmoja, na kwa miaka mingi hatukuwa na hakika ni yupi kati yao anampenda zaidi. Kazi yake ni kupaka rangi kwenye lami ya uwanja wetu mdogo wa ndege. Watu humwita Brashi. Mimi hupima mizigo hapo hapo uwanjani, kwa hiyo haya ninayosimulia niliyaona mwenyewe, sikuletewa na mdaku.

Mstari wenyewe, wa njano, ulitoka kwenye njia ya kurukia, ukapinda taratibu, ukaishia pale ndege zilipokuwa zikiegeshwa zamani. Aliupaka enzi za uchumba, akamleta mchumba wake hadi kwenye ua auone. Mchumba akasema ni mzuri. Alisema mara moja tu, kwa adabu, lakini mjomba aliyasikia maneno hayo kila asubuhi alipofungua kopo la rangi.

Kisha maegesho yakahamishiwa upande wa pili, na pale pa zamani pakachimbwa mtaro wa kupitisha maji ya mvua. Meneja akaagiza mstari wa zamani ukwanguliwe kwa mashine na mpya upakwe. Mjomba aliupaka mpya huku amenuna, ukatoka umepinda kama mguu wa mbuzi. Na ule wa zamani? Alimwambia meneja mashine imekufa, akaufunika kwa rangi nyeusi, nyepesi kama chai ya mkopo. Mashine ilikuwa nzima stoo, imefunikwa gunia. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

Haukupita muda mrefu, rangi nyeusi ikabanduka na njano ikachungulia. Siku za jua ungeweza kuupuuza. Ikinyesha, lami yote inang'aa na kitu pekee kinachosomeka vizuri ni mstari uliokufa. Marubani wakalalamika, kikao kikakaliwa, soda zikanywewa, na ufumbuzi ukapatikana: mwongozaji wa ndege, kutoka mnarani, awe anawaambia kwa redio, "Fuata ule mbaya." Huo ndio uliokuwa usalama wetu. Marubani wenyeji walizoea. Mjomba naye akaacha kumsalimia mwongozaji.

Mimi nilimwambia. "Mjomba, iko siku mtu ataingia mtaroni."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Macho yenyewe yatatazama ule mzuri."

"Basi atakuwa na akili," akasema, akaendelea kuosha brashi.

Siku yenyewe ilipofika, mkewe alikuwa anarudi. Alikuwa ameenda kwa binti yao aliyejifungua, na mjomba, aliyeachwa na sufuria asizojua zinapokaa, alikuwa amekonda. Akaja uwanjani kavaa shati lililopigwa pasi upande mmoja. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Tulisimama pamoja mlangoni kwangu, yeye akinyoosha kola kila dakika.

Ndege ikatua vizuri. Rubani alikuwa mgeni. Aliambiwa afuate ule mbaya, akadhani mwongozaji anatania, kwani ni nani mwenye akili timamu anayeelekezwa kwenye kibaya akiwa na kizuri mbele yake? Akakata kulia. Akaja taratibu, gurudumu la mbele juu ya njano, akipinda pale pale ulipopinda. Nikapiga kelele. Mjomba wangu naye akapiga kelele, lakini yake ilikuwa hii: "Umemwona! Hayumbi hata kidogo!"

Pua ya ndege ikazama mtaroni na mkia ukainuka.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikimbia, na mjomba wangu si mtu wa kukimbia. Mlango ulipofunguliwa, abiria walishuka mmoja mmoja, wazima. Mkewe alitoka wa mwisho, mtandio shingoni, kiatu kimoja mguuni, mdomo umepasuka kwa kugonga kiti cha mbele. Mjomba akanyoosha mikono. Yeye akampita, akaja hadi nilipo.

"Alisema nini huyu tulipokuwa tunaingia shimoni? Nilimwona kupitia dirisha anarukaruka."

Nikamwambia, neno kwa neno. Sijutii.

Akamgeukia mumewe. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," akasema. "Mimi sipandi tena ndege hapa mpaka huyu mwanao wa njano azikwe." Kisha akaomba maji ya kunawa mdomo.

Kesho yake mashine ilifufuka. Mjomba aliisukuma mwenyewe, ikinguruma, juu ya mstari wake, hakukubali kusaidiwa, na kila alipofuta kipande alisimama kidogo kama mtu aliyesahau njia. Alilia, ndiyo. Tulijifanya ni vumbi. Palibaki kovu jeupe lisiloelekeza mtu popote.

Mjukuu alipoanza kukaa, mke wa mjomba akafunga mzigo aende kumwona. Nikampimia. Akakataa kupanda mpaka mumewe aahidi kuitangulia ndege kwa miguu hadi njia ya kurukia. Hiyo si kazi ya mpaka rangi, lakini meneja alikumbuka soda za kikao akafumba macho.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mjomba akatangulia, kaloa chapachapa, akiifuata ile kazi yake mbaya, na ndege ikimnyemelea nyuma. Lakini kila hatua aligeuka kutafuta dirisha la mkewe. Akageuka, akageuka, hadi akatoka kabisa nje ya mstari na kutumbukia kwenye majani, mkono bado juu akipunga. Rubani, Mungu ambariki, hakumfuata yeye. Alifuata ule mbaya.