Vijiti Viwili vya Buffalo

Nilitoka Louisville Ijumaa alfajiri kwa sababu moja: nilitaka darasa la konga la Buffalo. Mzee Rafael, Mpuertoriko anayeongoza bendi mtaa wa Lower West Side, alikuwa anatafuta mwalimu wa ngoma, na sikuona nani angenishinda. Konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja, nilifundishwa na Mkuba tuliyepakia naye mizigo ghalani, na kwa miaka kumi na miwili nimezipiga kanisani na kuzifundisha. Unyenyekevu nawaachia wengine.

Saa tatu na nusu nilifika Westerville, kaskazini mwa Columbus, kwa Neema, mwanafunzi wangu wa kwanza. Siku hizi anatunza wazee wiki nzima, na Jumamosi anafundisha ngoma. Alinipakulia bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akanisikiliza nikijisifu mpaka sahani ikaisha.

"Bon, mwalimu, enda tu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. "Tutakuombea."

Saa kumi na moja jioni, Buffalo, bendi ilikuwa tayari kunijaribu. Rafael alishika klave, vile vijiti viwili vya mbao ambavyo bendi nzima huvifuata. Tulianza vizuri, kisha mwimbaji akaingia mapema. Kwetu kanisani, mama wa kwaya akipotea katikati ya wimbo, ngoma humfuata alipo ili asiaibike mbele za watu. Hata sikufikiri, nilimfuata. Bendi ikavurugika, kila mtu na wimbo wake.

"Umemfuata nani?" Rafael aliniuliza kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya Kihispania.

"Mwimbaji. Alikuwa amepotea."

"Hapa aliyepotea hurudi mwenyewe. Ukimfuata, tumepotea wote."

Uso ulinishuka. Lakini sikuendesha gari siku nzima ili nije kuomba radhi tu, kwa hiyo niliomba turudie. Mwimbaji alikosea tena, nadhani mzee alimkonyeza. Mikono iliniwasha kumfuata, nikaibana kwenye mdundo wa vijiti vya Rafael mpaka akarudi mwenyewe. Rafael akanipa darasa, Jumamosi mbili kila mwezi.

Kesho yake mchana nilipita tena Westerville. Kazi nilikuwa nayo, ila moyo haukutulia: kosa lile nilikuwa nimemrithisha Neema.

"Nilikufundisha vibaya," nilimwambia, nikamweleza yote.

"Nilikuwa najua, mwalimu, kuanzia mwaka wa pili. Banafunzi yangu nabafundisha namna ingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Donc, ningekuambia aje? Weye ni mwalimu."

Hilo liliniuma kuliko la Rafael. Miaka yote hiyo nilidhani kimya cha darasa langu ni heshima, kumbe watu walikuwa wakinihurumia kama ninavyomhurumia mama wa kwaya.

Siku ya kwanza ya darasa, kabla hatujagusa ngozi, niliwaambia wanafunzi wa Buffalo: nikikosea, nisimamisheni. Walichekacheka wakitazamana. Darasa la tatu, msichana mmoja aliondoa mikono kwenye konga yake, akaniambia nimetoka kwenye mdundo wa klave. Nilihesabu upya kwa mguu. Alikuwa sahihi, nami nilifurahi kuliko siku niliyopewa kazi.