Pumzi ya Pete Namba Saba

Mume wangu kazini wanamwita Mpigambizi, na mtu asiyemjua akisikia jina hilo anadhani amewahi kuzama kwenye kina cha maji. Wapi. Hata maji ya beseni anayapima kwanza kwa kidole. Jina alilipata kwa kuzuia pumzi, na pumzi anaizuia nchi kavu, msituni, akiwa amepiga magoti mbele ya pete ya plastiki iliyochomekwa ardhini.

Nieleze, maana najua unashangaa. Udongo unapumua. Mizizi na vijidudu vilivyomo ndani vinakula na kutoa hewa kama sisi. Mume wangu anafunika pete kwa kifuniko, anasubiri nusu saa, kisha anaivuta ile hewa kwa sindano na kuiingiza kwenye kichupa. Vichupa vinaletwa maabara, na mashine inapima kaboni iliyomo, nyepesi ni kiasi gani na nzito ni kiasi gani. Miti, mpunga, viazi na maharage hubeba ile nzito kidogo tu, ila mahindi na miwa hubeba zaidi. Namba ya mashine huwa hasi, na kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo nzito ilivyo zaidi, kwa hiyo ukiisoma unajua udongo umekula nini. Sehemu yangu mimi ni kuosha vichupa, mwaka wa kumi na nne sasa, katika chumba chenye sinki mbili na kabati moja ambalo ufunguo wake ninao mwenyewe.

Sasa, mtu naye hutoa hewa hiyohiyo. Bosi wa zamani aliwaambia wapimaji wasipumulie sindano. Wenzake walielewa kwamba wageuze uso pembeni. Yeye alielewa kwamba asipumue kabisa. Sekunde arobaini kila kichupa, pete kumi na mbili, asubuhi na mchana, miaka kumi na minane. Tabia imemfuata mpaka nyumbani. Akibadilisha taa, hapumui. Binti yetu alipokuwa anasoma matokeo ya mtihani, baba mtu aligeuka rangi pale kwenye kochi. Na nikimuuliza swali asilopenda kulijibu, hapumui pia, ndiyo maana sijawahi kuhitaji kumchunguza sana.

Au ndivyo nilivyodhani.

Miaka miwili iliyopita kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Tulimtazama pale wodini, shuka limelala pale ambapo mguu ulitakiwa kuwepo, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Wiki ileile mume wangu naye akapimwa, akaambiwa yuko mlangoni mwa ugonjwa huohuo. Tukarudi nyumbani, akanishika mkono, akaniahidi kwamba sukari basi. Nikamwambia tunaacha wote, siwezi kukuacha peke yako kwenye jambo kama hili. Nikatoa kopo la sukari jikoni nikampa jirani. Mahindi hayapendi tangu utoto, kwa hiyo nyumba yetu ikawa ya wali, viazi na maharage, na kila asubuhi namjazia chupa ya chai isiyo na sukari hata chembe. Alikuwa anaipokea kwa uso wa mtu anayepewa dawa ya minyoo, nami namwonea huruma.

Halafu akaja bosi mpya, dada wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti lakini kwenye namba hana mchezo. Asubuhi moja, kama saa nne, alimwita mume wangu kwenye chumba cha mashine. Mimi nilikuwa napita na trei ya vichupa, nikaona trei ile ina haja kubwa ya kupangwa upya, palepale mlangoni.

Bosi alimwonyesha karatasi. Msitu ule ni wa miti tupu, akasema, tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, na pete zote zinasoma hasi ishirini na saba au jirani yake. Ila pete namba saba, vipimo vya mchana, inasoma hasi kumi na tisa, kana kwamba miwa imechanganyika na miti. Muwa haupo hata mmoja. Maelezo aliyoyaona yeye ni mamoja, kwamba pumzi ya mtu imeingia. Na kama imeingia kwenye saba, hawezi kuziamini zile nyingine. Itabidi vipimo vya msitu vya mwaka mzima vitupwe, na Mzee ahamie stoo akagawe glavu.

Mume wangu alisimama kama amepigwa kofi. Namjua. Mtu huyu hana cheti cha kutundika ukutani wala hajawahi kusomwa jina kwenye mkutano wowote. Alichonacho ni zile sekunde arobaini.

"Bosi," akasema, "mimi sipumui."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikaingia na trei yangu nikamwambia bosi mambo ni rahisi, ampime. Nyumbani kwetu hakuna mahindi wala sukari, pumzi ya mume wangu itasoma kama miti, na hata kama angekuwa amepumulia kila pete isingeonekana. Nikamgeukia mzee wangu, nikamwambia apulize ili aibu hii iishe leo. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Nilidhani ni ya shukrani.

Akapuliza. Mashine ikachukua dakika zake, mimi nikisimama pale kifua mbele kama mzazi siku ya zawadi. Namba ikatoka. Hasi ishirini.

Niliitazama ile namba, nikauona ule mguu usiokuwepo chini ya shuka.

Na nataka mjue kwamba mlango wa kutokea alikuwa nao. Angeweza kusema alikula mahindi ya kuchoma njiani. Mimi ningeamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Nyumbani kungetulia, na kazini angebaki yule mzee aliyepumulia vichupa. Nilimtazama kifua, nikajua hapumui. Kisha akaitoa pumzi yote kwa mkupuo mmoja.

"Si pumzi, bosi. Ni chai," akasema. "Kwenye saba pana gogo la kukalia. Nikimaliza za asubuhi nakaa pale nakunywa chai, naweka sukari, nyingi. Halafu nasuuza kikombe, namwaga nyuma ya gogo." Akanitupia jicho. "Nilikuwa nasuuza ili mke wangu asijue."

Pete namba saba iko nyuma ya gogo. Vijidudu vya pale vilikuwa vinanyweshwa maji ya miwa kila siku ya kupima, na mchana vinayapumua. Tulikwenda wote watatu siku ileile, na hatukuhitaji mashine. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kutoka kwenye gogo mpaka ndani ya pete, wanene, wenye afya. Bosi alichuchumaa akawatazama muda mrefu, mabega yakimtikisika, na alipoinuka alikuwa ameshaurudisha uso wa kazi. Mwenyewe alichukua kichupa ndani ya pete na kingine hatua tano pembeni. Cha ndani kikasoma miwa, cha pembeni kikasoma miti. Pete namba saba ikafutwa. Zile kumi na moja zikabaki, mwaka ukabaki, na mzee wangu akabaki na magoti yake msituni.

Kwangu mambo hayakufutika upesi hivyo. Sukari, nilikuja kugundua, ilikuwa inakaa kwenye mkoba wake wa kazi, ndani ya kopo la kioo lililoandikwa "Sampuli, usiguse". Kopo hilo nimelisafisha mimi, kila Jumatatu, kwa mikono hii, nikijisemea huu udongo wa safari hii unanata kweli. Siku tatu niliongea naye mambo ya lazima tu. Siku ya nne nikalia mbele yake, nikamwambia sitaki kukaa wodini nikiangalia shuka lake. Akasema naye analiota lile shuka. Tukaishia hapo.

Bosi ndiye aliyeleta wazo la Ijumaa. Mashine ikimaliza kazi za wiki, Mzee apulize kichupa kimoja, namba nipewe mimi. Nilifurahi hadi nikampigia makofi. Ijumaa ya kwanza mume wangu alifika, akapuliza, akaziba, kisha akachukua kichupa kingine kwenye trei akaninyooshea.

"Tuliacha wote," akasema. "Si ndiyo, mama watoto?"

Ningekataa vipi, mbele ya bosi, baada ya maneno yote yale. Nikapuliza kidogokidogo, kana kwamba hiyo ingesaidia.

Bosi akasoma karatasi. Ya Mzee, hasi ishirini na tano, karibu kabisa na miti. Akageuza macho kwenye mstari wa pili, akakohoa, akausoma tena kimoyomoyo.

"Ya Mama," akasema taratibu, "hasi kumi na tisa."

Nilitazama sakafu. Nyuma ya dumu la maji safi, ndani ya lile kabati langu, kuna kopo, na kwenye kopo kuna kijiko, na kijiko hicho asubuhi ile kilikuwa kimefanya safari tatu. Nilisubiri mume wangu aseme neno. Alikuwa na haki ya kusema hata mia. Nilipoinua macho nikamkuta mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga, shingo imesimama mishipa, amezuia pumzi ili asicheke.

Nilihesabu. Sekunde arobaini zikapita, akaendelea. Nikaona atazimia bure kwa ajili ya heshima yangu, nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa ufunguo wa kabati, nikamwekea kiganjani.

Ndipo akapumua.