Minyaa ya Stesheni

Castory, fundi baiskeli wa Kabanga, alizaliwa stesheni, chini ya mnara wa ishara alioutunza baba yake kule bondeni, kwenye reli iendayo Kigoma. Ndivyo mama yake, Immakulata, alivyomwambia mpaka anaingia kaburini. Lakini stesheni ile ilifungwa zamani reli iliponyooshwa, na watu wa leo hawaamini wasichokiona.

Mwaka 2014 ukoo ulikutana Busunzu kugawa shamba la babu. Binamu yake mdogo, Makarius, alikwisha kupata mnunuzi wa upande wa barabarani, ambako babu amezikwa. Castory akasimama.

"Pale penye kaburi..."

"Kaa chini, mtoto wa njiani!" Makarius alimkatiza. "Kitovu chako kimezikwa wapi? Ndani ya behewa? Asiye na mji hana neno juu ya shamba."

Watu wakaangua kicheko. Zamani, kwa Waha, mdogo alimpigia mkubwa makofi kwanza, akasema "Mwidiwe," ndipo akafungua kinywa. Siku hizi hata salamu mtu anapungiwa juu ya bodaboda.

"Twende ukaone," Castory alisema. "Nikishindwa kukuonyesha nilipozaliwa, uza."

"Na ukiweza, nitakupigia makofi mbele ya hawa wote."

Wakashuka bondeni wawili. Walilikuta tuta la reli ya zamani, lakini juu yake hapakuwa na kitu. Vyuma vilikwenda kwa wauza chakavu, mataruma ya mbao yalipikia ugali, matofali ya mnara yakajenga nyumba za watu. Nchi inajitafuna kama mbwa mwenye kichaa. Castory alichimba hapa, akachimba pale, akitafuta chuma. Makarius alikaa juu ya kichuguu akitafuna muwa.

"Chimba, kaka! Labda utaokota treni."

Jua lilipomchoma sana, Castory aliinua macho kutafuta kivuli. Katikati ya miombo akaona kijani kisicho na majani, kirefu kupita paa la nyumba, kimesimama duara. Minyaa! Watu wa bonde lile huzungushia nyua zao miti mikavu. Nani basi aliileta minyaa huku?

Akamkumbuka mama yake: "Baba yako kabla hajatandika kitanda alichomeka ua wa minyaa. Muha halali wazi kama swala."

Jembe likamponyoka. Alikuwa akitafuta walichokwisha kuiba wenzake, akasahau kile ambacho hakuna mwizi anayekitaka.

Alizunguka duara mpaka akalipata lango. Mama alisema lilielekea mnarani, ili amwone mumewe akiwa kazini. Akaligeuzia lango mgongo, akaenda moja kwa moja, akafyeka nyasi. Msingi wa saruji ukatokea, na ndani yake visiki vya mikono ya chuma ya kubadilishia njia, vimepangana kama meno ya kizee.

Makarius, aliyemfuata nyuma, alikuwa bado langoni. Alivunja kijiti cha mnyaa, utomvu mweupe ukamdondokea kidoleni. Naye ni Muha. Hakuhitaji shahidi mwingine.

"Huu ni mji," alisema polepole. "Mji wa watu wetu."

"Na kitovu changu kilizikwa langoni, hapo uliposimama."

Makarius akaruka pembeni kama aliyekanyaga moto. Kisha akainama, akapiga makofi.

"Mwidiwe, kaka."

Kule Busunzu aliyarudia makofi yale mbele ya ukoo mzima, mpaka vikongwe wakapiga vigelegele. Castory hakuharakisha. Alisimama, akakohoa, akaendelea palepale alipokatizwa:

"Pale penye kaburi la babu hapauzwi."

Hapakuuzwa.