Siku Nilipomtafsiri Mheshimiwa

Mheshimiwa alipofariki, watu wa mtaa wetu wa Kansanga, Kampala, hawakuulizana kwanza atazikwa lini. Waliulizana amekufa kwa nini.

"Ugonjwa," alisema mwenye bucha, amesimama mbele ya cherehani yangu.

"Ugonjwa gani?"

"Ugonjwa tu. Kitandani kwake. Shuka kifuani, mke pembeni."

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mwanasiasa wa zamani kufia kitandani kwake lilikuwa jambo la kuonewa wivu.

"Hata kufa kapendelewa," mwenye bucha akasema kwa uchungu, akarudi kwenye nyama zake.

Mheshimiwa alikuwa mbunge wetu kabla ya wanajeshi kuchukua nchi. Walipoichukua, bunge likafungwa, naye akarudi nyumbani akafuga kuku. Watu waliendelea kumwita Mheshimiwa, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli, na yeye aliitikia kote kote kwa sauti ileile. Alituletea bomba la maji, akaliweka nje ya geti lake. Alituletea barabara ya udongo mwekundu, ikapita katikati ya bucha ya kwanza ya yule jirani yangu. Kwa hiyo mwenye bucha alimchukia. Aliyempenda kuliko wote alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Yeye alisema bila Mheshimiwa tungekuwa bado tunachota maji bondeni pamoja na vyura.

Hao wawili walikuwa wakibishana kwenye baraza langu kila siku. Lakini siasa ilikuwa imepigwa marufuku, na hukujua nani anasikiliza, hivyo walijifunza kugombana kwa kunong'ona. Mishipa ya shingo imewasimama, macho yamewatoka, na sauti kama ya watu wanaobembeleza mtoto alale. Wateja wangu walidhani ni marafiki wakubwa.

Siku ya mazishi nilikwenda na mama yangu. Sisi ni Waswahili wa Kampala. Wazee wetu walikuja zamani kutoka pwani na vitambaa na misahafu, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Barabarani tunasema Kiganda kama kila mtu, ila ndani ya nyumba Mama hakuruhusu ila Kiswahili, tena Kiswahili kilichonyooka. Ungeweza kumvunjia kikombe akakusamehe. Ungesema "kikombe imevunjika", usingekula siku hiyo.

Tulikuta watu wamejaa uani, wanaume vitini, sisi wanawake mikekani, chini ya kibanda kilichoezekwa kwa majani ya migomba. Matoke yalikuwa yakipikwa nyuma ya nyumba. Mjane alikaa karibu na jeneza, kimya, amefunga kitambaa kiunoni. Alikuwa mama mnene, mpole, ambaye sikumbuki kumsikia akisema neno zaidi ya salamu. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka gari la jeshi lilipoingia na kusimama juu ya maua.

Akashuka sajini mmoja mrefu sana, mtu wa kaskazini, na askari wawili wenye bunduki. Akavua kofia, akainamia jeneza kwa adabu. Kisha akageuka.

"Mimi nimetumwa," alisema. "Watu mingi ikikusanyika, lazima tusikilize inasema nini. Lakini mimi Kiganda sijui. Nani hapa anajua Kiswahili?"

Mungu anisamehe, sijawahi kuona lugha ikifa ghafla namna ile. Uani mle mlikuwa na madereva, wafanyabiashara wa Katwe waliokwenda Mombasa kila mwezi, na karani aliyefanya kazi kambini. Wote wakatazama miguu yao. Kiswahili wakati ule kilikuwa lugha ya askari na ya majambazi, na ukikijua sana ulitiliwa shaka na pande zote mbili, askari na raia.

"Mimi Kiswahiri sijui kabisa, Afande," alisema mwenye bucha, kwa Kiswahili. "Hata neno moja simjui."

Halafu wote, bila kuambiana, wakageuka kunitazama mimi. Mwalimu ndiye aliyenyoosha kidole. "Yule mama ni Mswahili."

Niliinuka. Mama akanivuta upindo wa nguo, nikadhani ananizuia. Akaninong'oneza: "Sema sawasawa. Usinitie aibu."

Mwalimu alikuwa wa kwanza kuhutubia. Nilitegemea atakuwa mwangalifu, mtu aliyesoma. Lakini huzuni ilimpanda kichwani. Alisema kwa Kiganda kwamba Mheshimiwa alikuwa simba, kwamba enzi zake mtu aliweza kusema kwa sauti kubwa bila kutazama nyuma, na kwamba leo nchi imejaa fisi. Akafuta macho, akaningoja.

Sajini naye aliningoja.

"Anasema," nikaanza, "marehemu alipenda sana wanyama."

Sajini akaitikia kwa kichwa, akiridhika. Watu kadhaa walikohoa. Mwalimu, aliyekuwa hajui Kiswahili dakika chache nyuma, akanikazia macho mekundu.

Hapo mwenye bucha akasimama bila kualikwa. Alisema hakukusudia kumsema vibaya maiti, kisha akamsema vibaya kwa muda mrefu. Barabara, bucha, vijana wa chama waliokuja na nyundo, bia walizokunywa baadaye hapohapo kwenye kifusi. Akamalizia kwamba waliokuja baada ya Mheshimiwa wamejifunza wizi kwake, ila wao wamepita darasa. Kusema hayo mbele ya askari!

"Anasema marehemu alijenga barabara," nikasema. "Na watu wengi bado wanaikumbuka."

Sajini akakunja uso. "Huyu amesema maneno mingi sana. Wewe umesema kidogo."

"Kiganda ni lugha ndefu, Afande."

"Ah." Akafikiri. "Na mbona anakasirika?"

"Ni uchungu wa msiba."

Pengine tungevuka salama, lakini Mwalimu alishindwa kuvumilia. Akamjibu mwenye bucha, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nikawasikia wakigombana kwa sauti zao halisi. Mwalimu alisema, na bomba je, nani alileta bomba? Mwenye bucha akasema bomba alijiletea mwenyewe, ndiyo maana liko getini kwake, na sisi tulichota kama ombaomba. Upande wa akina mama ukaingia. Mmoja alisema mtoto wake alipona kuhara kwa sababu ya bomba lile. Mwingine akasema alipoanza kufuga lilikuwa likifungwa mapema ili kuku wa Mheshimiwa wapate kwanza. Uani wote ukawa bomba, bomba, bomba.

Sajini akanishika mkono. "Wanagombania nini?"

Nilikuwa nimechoka kutunga. Nikaamua mara hii kusema kweli tupu.

"Bomba, Afande."

Rangi ya uso wake ilibadilika. "Bomb? Bomu iko hapa?"

"Iko... liko getini, Afande, marehemu mwenyewe ndiye aliyeliweka..."

"Laleni chini!" akanguruma.

Askari wake wakakoki bunduki. Watu wote, hata wasiojua Kiswahili kabisa kabisa, walielewa mara moja, wakalala. Mchungaji akalala na kitabu chake. Mwenye bucha alimwangukia Mwalimu, na Mwalimu akamkumbatia. Nilijitupa karibu na Mama, ambaye alikuwa amelala kifudifudi akisoma dua, na katikati ya dua akanigeukia:

"Nimekusikia. Umeanza kusema iko."

Aliyebaki ameketi alikuwa mjane peke yake. Nilimwona akimtazama sajini, kisha akilitazama jeneza, kama mtu anayemwonyesha mumewe jambo la ajabu.

"Bomba la maji, Afande!" nikapiga kelele kutoka mkekani. "La maji! Watu wanachota! Wanakunywa!"

Sajini hakuamini. Alitaka kuliona. Kwa hiyo tukainuka tukijipangusa, tukamfuata msafara mzima mpaka getini, tukaliacha jeneza na mjane. Bomba lilikuwa pale, limeinama, kutu imelila shingoni. Sajini akalizunguka. Akaligusa kwa ncha ya buti. Mwishowe akalifungua.

Halikutoa kitu. Lilikuwa halijatoa maji tangu masika yaliyopita. Mwalimu akafungua mdomo kueleza kwa Kiganda lini hasa maji yalikatika na chini ya serikali ipi, nami nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Halafu bomba likakohoa, likatetemeka, likatema tope jekundu moja kwa moja kwenye suruali iliyopigwa pasi ya sajini.

Sajini alijitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti.

"Nyumbani kwetu," akasema alipopata pumzi, "ilikuwa chifu moja. Alileta mashine ya kusaga. Akakufa. Baba yangu akalia siku mbili. Ndugu ya baba, tumbo moja, akachinja mbuzi akafurahi. Hata leo hawasalimiani." Akajipangusa tope. "Sasa, mama, mukubwa yangu iko ofisini ananingoja. Ataniuliza huyu mzee alikuwa mutu muzuri ama mubaya. Nitajibu nini?"

Nilitafsiri swali hilo kwa Kiganda neno kwa neno, ndiyo tafsiri pekee ya kweli niliyofanya siku ile. Watu wakatazamana. Mwalimu alitazama chini. Mwenye bucha alianza kusema, akaacha. Waliomsema usiku na mchana kwa miaka, leo wameulizwa, hakuna mwenye jibu la kumpelekea mkubwa.

"Mwambie amekufa."

Tukageuka. Mjane alikuwa amekuja nyuma yetu polepole. Alisema kwa Kiswahili safi, cha kuzaliwa nacho, kumbe alikijua miaka yote ile. "Mwambie mkubwa wako amekufa, leo tunamzika, na chakula kinapoa. Wewe na vijana wako karibuni mle."

Mama alinifinya mkono. "Umesikia?" akanong'ona kwa furaha kubwa. "Kinapoa."

Askari wakala. Walikula vizuri, bunduki zimeegemezwa kwenye mgomba, na sajini akaomba mchuzi wa karanga mara ya pili. Tukamzika Mheshimiwa jua likiwa bado juu, mchungaji akafupisha mahubiri kuliko nilivyowahi kumsikia, na gari likaondoka likiwa limemaliza maua yaliyosalia. Hakuna aliyechukuliwa siku ile wala baadaye. Kwa mazishi ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Gari lilipopotea kona, Kiswahili kikafufuka. Mwenye bucha alinijia mbio.

"Nimesema ni mwizi, wewe unasema watu wanamkumbuka!"

"Na mimi," akasema Mwalimu, "nimesema simba, nimesema fisi, wewe umenifanya mchunga wanyama."

Walinigombeza bega kwa bega, mmoja akimalizia sentensi ya mwenzake. Kwa wiki nzima hawakunisalimia, na jioni walikwenda kunong'onea kwingine.

Siku ile, njiani kurudi kutoka mazishini, Mama hakunigombeza. Tulipoanza kupanda kilima akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza siku nzima. "Na wewe ungesemaje juu yake?"

Nilikumbuka mkutano mmoja wa kampeni, Mheshimiwa jukwaani, akisema Waswahili warudi pwani walikotoka. Watu walipiga makofi, na baba yangu, aliyezaliwa Mengo, hapahapa Kampala, alisimama miongoni mwao na kofia yake kichwani. Kisha nikakumbuka baba alipofariki. Mheshimiwa alikuja kwa miguu, amevaa kanzu, akavua viatu, akafuata jeneza mpaka makaburini, akatupa udongo kwa mikono yake, na hakuhutubia.

"Alikuja kumzika Baba," nikasema.

"Alikuja," akasema Mama. "Na yale mengine aliyasema."

"Aliyasema."

Alisimama kupumzika, mkono kiunoni, akitazama paa za mabati bondeni. Kisha akasema kilima hiki kila mwaka kinazidi urefu, akanishika bega, tukaendelea kupanda.