Mwenyekiti wa kikundi chetu cha riwaya alikata sura ya mwisho kwa wembe

Wakuu, habari za saa hizi.

Juzi mdau mmoja aliomba humu tumpendekezee riwaya nzuri. Nilianza kumjibu, hasira ikanipanda, nikafuta. Bora nifungue uzi wangu.

Sitaji mtu wala jina la kitabu, maana Korogwe tunajuana. Ila sijatia chumvi hata punje. Yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni mwanamke, nina duka la pembejeo Handeni mjini. Mbegu, dawa za mifugo, pampu za kupulizia. Mteja akinikuta nasoma riwaya, hunisubiri nimalize aya. Wameshanizoea.

Huku duka la vitabu vya hadithi hakuna. Kwa hiyo tuna kikundi, watu saba wa Handeni na Korogwe. Unafunga kitabu kwenye bahasha, unampa kondakta wa basi, mwenzio anapokea stendi.

Kanuni zetu: usikunje kurasa, usikae nacho zaidi ya mwezi, na usimwambie mtu mwisho wa hadithi. Hiyo ya mwisho haina msamaha. Kuna dada alitolewa kwa kuropoka muuaji ni nani, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia.

Sasa, kuna riwaya yangu moja ya zamani, karatasi zimeshakuwa za njano. Nimeisoma mara sita. Inahusu mke wa mkata mkonge aliyefyeka pori kwa mikono yake, akalima miaka, halafu mume akaleta mnunuzi wa shamba bila hata kumuuliza. Aisee, mwandishi ameandika!

Nikaipendekeza kwa mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa Korogwe. Kwa kiherehere changu nikamwambia, "Msome na mkeo, mtaongea mengi."

Mkewe, nimwite Mama Zuhura, analima kijijini kwao Kwedizinga na mbegu ananunua kwangu. Wiki tatu baadaye akaingia dukani.

"Shikamoo dada. Hivi kile kitabu chako mbona kinaishia njiani? Mnunuzi kafika uani, basi, kimekwisha."

"Marahaba. Hakijaisha mdogo wangu, kuna sura nyingine."

"Hamna. Nimetafuta mpaka kwenye kava."

"Basi yule mama alifanyaje?" akaniuliza tena.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kanuni ni kanuni. Nikamwambia asijali, nitafuatilia. Mjinga mimi.

Nikampigia mwenyekiti. Akasema kurasa zilikuwa zimelegea, zikadondoka. Nikamwamini, kitabu ni kizee kweli.

Kitabu kikarudi kwa basi. Nikafungua bahasha hapo hapo stendi.

Wakuu, zile kurasa hazikudondoka. Zimekatwa kwa wembe, zimenyooka kama zimepigiwa rula. Kurasa kumi na moja! Nililia mbele ya wapiga debe, sioni aibu kusema.

Nikampigia tena. Safari hii hakuficha kitu. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Najua mke wangu asome nini na asisome nini." Akakata simu.

Nilidhani ni wivu tu wa kiume. Ukweli nikaupata Jumatano iliyofuata, Mama Zuhura alipopita dukani kunisalimia. Nikamuuliza mbona mvua zinakaribia na hajachukua mbegu. Akaangalia chini.

"Mwaka huu silimi dada. Baba Zuhura anasema shamba linauzwa. Mnunuzi anakuja Ijumaa kuandikishana kijijini."

Lile shamba walipewa wote wawili na kijiji siku walipooana. Pori lilikuwa. Kalifyeka yeye, mume yuko Korogwe anauza bati.

Wakuu, damu ilinichemka. Nikamkalisha juu ya gunia la pumba nikamsimulia sura yote ya mwisho, neno kwa neno nilivyoikumbuka. Jinsi yule mama anavyoingia kwenye kikao cha wanaume, anavyosema shamba haliuzwi, na mnunuzi anavyokunja karatasi zake akaondoka. Wateja walisimama mlangoni wakisikiliza, hakuna aliyeuliza bei.

Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu.

"Alisema kwa upole au kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mbele ya watu wote."

Akanyanyuka, akachukua mifuko miwili ya mbegu, akaondoka.

Ijumaa alikwenda ofisi ya kijiji, akamwamkia mtendaji, akasema hatii sahihi na asitafutwe mtu wa kumtilia. Bila sahihi ya mke hakuna mauzo, mtendaji akafunga daftari. Alinipigia mwenyewe kunisimulia.

Jioni hiyo nikatolewa kwenye grupu la simu. Kosa langu eti nimesema mwisho wa riwaya. Aliyekata kitabu cha watu kwa wembe bado ni mwenyekiti! Na wenzangu watano, wasomaji, watu wanaojisifu wamemaliza mashelfu, wakaniandikia meseji moja moja: dada punguza hasira, ni kitabu tu.

Kitabu tu? Mbona mwenyekiti alikiogopa?

Nilichojifunza: msomaji akikuuliza mwisho kwa macho yale, kanuni iweke pembeni umwambie. Mimi nilikaa kimya karibu siku kumi, na nusura shamba liende kwa ukimya wangu. Hilo linaniuma kuliko hata kurasa.

Mdau uliyeomba riwaya, njoo inbox nikutajie. Nitakutumia kwa basi. Sura ya mwisho nimeshaanza kuiandika upya kwa mkono kwenye daftari la duka.

Wengine mwageni maoni, hata matusi nitasoma. Ila anayetaka kuniambia ni kitabu tu, kwanza aende Kwedizinga akamwambie Mama Zuhura. Atamkuta shambani, anapanda.