Mkono mwepesi wa Bwana Chupa

Vumbi la mbao halijatulia vizuri. Meza za maseremala zimesukumwa hadi ukutani, misumeno imefunikwa turubai, na katikati ya karakana ya chuo cha ufundi vimepangwa vitanda vitatu vya kukunja. Ni saa tatu asubuhi. Vitanda viwili vina foleni inayofika mlangoni. Cha tatu kina shuka safi, mto, na mwanamke aliyesimama kando yake, mikono ameitia katika mifuko ya koti lake jeupe.

"Karibuni na huku," anasema. "Hapa hakuna kungoja."

Hakuna anayesogea. Vijana wanatazamana na kusukumana kwa viwiko. Mmoja anajibu kutoka mwisho wa foleni.

"Tunangoja tu, mama. Hatuna haraka ya kufa."

Karakana nzima inacheka. Mwanamke naye anatabasamu, maana afanye nini? Anainyoosha shuka ambayo haina hata kunyanzi moja.

Katika hospitali anakofanya kazi wanamwita Mkono Mwepesi. Si jina la utani la jana. Miaka mingi amekuwa akiwatoa damu wanaojitolea kuchangia, na wachangiaji wanasema sindano yake huingia mtu angali anauliza itaingia lini. Wapo waliokuwa wakifika kitengo cha damu na kugoma kukaa mpaka zamu yake ianze.

Leo anatazamwa. Msimamizi wake amemwambia wazi kabla gari halijatoka hospitali: kitanda chake kikibaki kitupu tena, kuanzia Jumatatu atahamia chumba cha nyuma, kubandika lebo kwenye mifuko ya damu na kuosha masanduku ya barafu. Mshahara hautapungua. Atakachopoteza ni kitanda.

"Kubandika lebo ni kazi ya halali, siidharau," anasema kwa sauti ya chini. "Lakini mimi Mungu alinipa mkono huu. Nikiufungia chumbani, nitamjibu nini?"

Kisa chake kinaanzia kwenye filamu. Tena filamu mbovu.

Watu wengi wanaijua hadithi ya Bwana Chupa tangu utotoni. Inasemekana enzi za babu zetu alikuwepo mtu wa koti jeupe, taa mkononi, kapu la chupa begani, aliyebisha hodi milangoni magharibi ikiingia. Aliyemfungulia alikutwa asubuhi amekauka kama kuni. Hakuna aliyewahi kuonyesha kaburi la hata mmoja wao. Wengine husema alikuwa mpimaji tu wa malaria, aliyekuwa akitoboa watu vidole. Hata hivyo mama wengi wamewalaza watoto kwa jina hilo, na watoto wamekua wakiogopa makoti meupe bila kujua kwa nini.

Mwaka jana kikundi cha vijana kikaamua kuitengenezea filamu. Walikodi nyumba kuukuu, wakatafuta mwigizaji mwenye sauti nzito. Tatizo likajitokeza siku ya kupiga picha ya sindano: Bwana Chupa mwenyewe alikuwa anaogopa sindano. Kila alipoishika, mkono ulimtetemeka kama mtu wa homa.

Ndipo mtengenezaji wa filamu akafika kitengo cha damu kuuliza nani ana mkono mtulivu. Wote wakamnyooshea kidole mtu mmoja.

"Nilikubali kwa moyo mweupe," anasema Mkono Mwepesi. "Nilifikiri watu wakiona inavyofanyika, taratibu, bila mtu kupiga kelele, hofu itapungua. Na sikatai, malipo ya siku ile yalikuwa sawa na nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nililipa ada ya mtoto na godoro nikanunua."

Kijana mmoja wa kikundi hicho alijitolea achomwe kweli. Mkono Mwepesi aliambiwa avue glovu, kwa kuwa zamani glovu hazikuwepo. Alinawa mara mbili kwa sabuni na spiriti, akaifanya kazi. Kamera ikasogea karibu, ikachukua mikono yake mitupu: vidole virefu, kucha fupi, na mgongoni mwa mkono wa kulia lile kovu jeupe la pasi alilolipata akiwa msichana.

Walipomaliza, mtengenezaji alimwuliza jambo. Alikuwa ameona midomo yake ikichezacheza kabla sindano haijaingia. Alikuwa anasema nini?

"Nikamwambia ukweli. Mimi simchomi mtu bila kuomba. Tangu siku ya kwanza. Nasema kwa kunong'ona tu: 'Ee Mungu, uongoze mkono huu, nisimwumize huyu, na atakayepewa damu hii apone.' Basi. Akasema, 'Dada, hiyo ni nzuri sana.' Nikafurahi, kumbe sikujua amefurahia nini."

Filamu ilipotoka alikwenda kuitazama na mdogo wake, mwanamke mcheshi anayeuza viatu vya mitumba. Walikaa safu ya katikati. Ukumbi ulijaa, kwa sababu kila mtu alitaka kuogopeshwa na kitu alichokiogopa utotoni.

Hawakuogopa. Ndevu za Bwana Chupa zilibanduka upande mmoja kwa jasho. Kapuni mwake mlikuwa na chupa ya soda yenye kizibo chake. Mtu aliyekwisha kunyonywa damu yote alionekana akijikuna pua.

"Maiti ana mbu!" mtu akapiga kelele.

"Bwana Chupa, ndevu zinadondoka, shikilia!"

"Turudishieni nauli zetu, tukalale!"

Mdogo wake alicheka mpaka machozi. "Dada," alimwambia, "kama huyu ndiye aliyemaliza kijiji kizima, basi kijiji chenyewe kilikuwa kimechoka."

Kisha mikono ikatokea.

Ilijaza kitambaa chote cheupe mbele yao. Ikafunga mpira juu ya kiwiko, ikaupapasa mshipa kwa kidole kimoja, ikapaka spiriti bila pupa. Ukumbi ukanyamaza. Katika filamu nzima hicho ndicho kilikuwa kitu pekee cha kweli, na watu waliujua ukweli walipouona. Halafu picha ikahamia usoni mwa mwigizaji. Midomo yake ikaanza kucheza, ananong'ona maneno yasiyosikika, macho kayatoa, na sindano ikaingia. Mwanamke mmoja nyuma yao akapiga yowe.

Mdogo mtu aliacha kucheka. Alikuwa ameliona kovu.

"Dada. Si wewe yule?"

"Ni mikono yangu."

"Na ule mnong'ono?"

Mkono Mwepesi aliuingiza mkono wa kulia mfukoni. Anasema alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. "Sala yangu. Waliifanya uganga."

Filamu haikudumu kwenye kumbi hata mwezi. Kipande cha mikono ndicho kilichodumu. Kilikatwa, kikaingia kwenye simu, kikasambaa. Mtaani watoto walianza kukimbia wakimwona anatoka na ndoo. Dukani muuzaji alimwekea chenji mezani badala ya kumpa mkononi. Jirani mmoja, ambaye Mkono Mwepesi alimtunza kwa sindano mwezi mzima alipougua, alimwuliza kwa mzaha usio mzaha, "Mama, ile damu yetu uliyokuwa unachukua, mlikuwa mnaipeleka wapi?"

Kitandani kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kabla ya filamu alikuwa akihudumia watu ishirini na zaidi kwa siku ya kampeni. Sasa akipata wanne, ameshukuru. Wengine walikaa, wakaona kovu kabla hajavaa glovu, wakajidai wamesahau kitu nje. Wengine walivumilia mpaka midomo yake ilipoanza kusogea. Mmoja aliruka kitandani na mpira bado umefungwa mkononi, akaondoka nao.

Msimamizi wa kitengo, mwanamume mpole anayepima maneno, hataki kuitupia filamu lawama zote. "Jokofu letu hukauka kila mwaka vyuo vikifungwa," anasema. "Mwaka huu limekauka vyuo vikiwa wazi. Zaidi ya hapo sisemi."

Kuna siku moja ambayo Mkono Mwepesi huizungumzia akiangalia sakafu. Mama aliyetoka kujifungua alikuwa anatokwa damu, na ya kundi lake haikuwepo. Mkono Mwepesi alipewa simu awapigie wachangiaji wa siku zote. Akampigia dereva mmoja wa lori, mtu ambaye kwa miaka mingi hakukubali kuchomwa na mwingine ila yeye.

"Nikamweleza. Akasema, 'Dada, wanangu wameiona ile kitu. Mke wangu kanikataza.' Nikamwambia, shemeji, kuna mtu anakufa hapa. Nilisikia redio ya gari lake tu. Halafu akasema, 'Tafuta mwingine, dada yangu.'"

Aliwapigia wengine. Mmoja alikuja, akiwa amechelewa. Mtoto yupo, analelewa na bibi yake.

Mtengenezaji wa filamu, alipotafutwa kwa simu, hakuficha kwamba kazi yao ilianguka. "Watu walitegemea kuogopa, tukawachekesha. Inauma," alisema. "Lakini ile mikono, wee! Kila mtu anaulizia mikono. Tunafikiria sehemu ya pili. Yule dada bado yupo?"

Yupo. Amesimama karakanani, na saa sita imekwisha pita.

Ndipo kijana mrefu anapochomoka kwenye foleni ya jirani. Ni mwanafunzi wa kuchomelea vyuma. Wenzake wanamwita Mlingoti. Wamemchokoza asubuhi nzima, kwamba urefu wote ule ni wa bure kama hawezi kulala kitanda cha tatu. Anajitupa kitandani, miguu inaning'inia nje.

"Haya, Bwana Chupa. Nimekuja mwenyewe, sijabishiwa hodi."

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nimeshiba mpaka hapa."

Wenzake wanasogea na kuzunguka kitanda, simu juu. Mkono Mwepesi anafunga mpira, anatafuta mshipa, anapaka spiriti. Mlingoti anamtazama mdomo.

"Ila mama, nakuomba. Usinong'one. Nikuone unanong'ona tu, naondoka."

Sindano iko mkononi. Mhudumu mwenzake wa kitanda cha pili amegeuka kutazama. Baadaye Mkono Mwepesi ataeleza kwamba sekunde ile aliona vitu viwili: kitanda chake, na Yule aliyempa kitanda. Hakutaka kukosa kimojawapo.

"Sitanong'ona," anamwambia. "Nitasema, na wewe usikie."

Anasema kwa sauti, mbele ya simu zote zile, kama mtu anayesoma tangazo: "Ee Mungu, uongoze mkono huu, nisimwumize huyu, na atakayepewa damu hii apone."

Mlingoti bado anamtazama mdomo.

"Ndiyo hayo tu?" Mlingoti anauliza.

"Ndiyo hayo tu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Kijana anashusha pumzi. "Basi choma, mama. Amina."

Damu inaanza kushuka kwenye mfuko wake. Mmoja wa wenzake anaweka simu mfukoni na kuuliza kama akimaliza huyu anaweza kukaa yeye. Mwingine anasimama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kitanda cha tatu kina foleni, ya watu watano hivi, na Mkono Mwepesi anautikisa mfuko taratibu damu isigande, uso umemkunjuka.

Mfuko unajaa. Anabana pamba, anamwambia kijana alale kidogo, anywe maji, asinyanyuke ghafla. Mlingoti anataka kuwaonyesha wenzake. Ananyanyuka, anainua mikono juu kama mshindi, anapiga hatua mbili, kisha urefu wake wote unaporomoka kwenye vumbi la mbao.

"Bwana Chupa kaua!"

Haijulikani nani alipiga kelele hizo. Ile foleni ya watu watano inatawanyika, kisha foleni ya kitanda cha pili, kisha ya cha kwanza. Mlango wa karakana unakuwa mdogo. Ndani ya dakika moja wamebaki watu wa hospitali na kijana mmoja sakafuni, kichwa chake mapajani mwa Mkono Mwepesi, miguu yake ikiinuliwa na msimamizi.

Anafumbua macho. Hana jeraha. "Sikula, mama," anasema, midomo mikavu. "Tangu jana. Niliona aibu kusema mbele yao."

"Najua, mwanangu. Ungeniambia."

"Niwaite warudi? Niwaambie ni njaa?"

Anajaribu kuwaita. Sauti haifiki hata mlangoni.

Saa tisa vitanda vinakunjwa. Kutoka kitanda cha tatu umepatikana mfuko mmoja. Msimamizi anausubiri mpaka uingizwe kwenye sanduku la barafu ndipo anazungumza, tena kwa upole, jambo linalofanya iwe vigumu kumchukia. Jumatatu, chumba cha nyuma. Mpaka watu wasahau.

"Watasahau lini, bosi?" anauliza Mkono Mwepesi.

"Sijui, mama. Hadithi yenyewe ina umri mkubwa kuliko sisi sote."

Anarudi nyumbani kwa miguu, mikono sasa iko nje ya mifuko. Anasema ameomba jambo moja na amekubaliwa: kila mwezi, siku ya kampeni, atatoka chumba cha nyuma na kuja kusimama kando ya kitanda kimoja, hata kama hakuna atakayelala. Atawapelekea wachangiaji chai na mkate kwa fedha yake, awalishe kwanza, na atakayegoma kula hatamchoma. Mtengenezaji wa filamu akimpigia kuhusu sehemu ya pili, amekwisha jua la kumjibu, nalo ni fupi.

Na sala?

"Nimeomba kwa siri miaka yote hii nikidhani ndiyo heshima," anasema. "Kumbe niliwaachia wengine nafasi waitie maneno yao. Sinong'oni tena. Nitasema kwa sauti. Anayetaka kukimbia, akimbie, lakini awe amesikia."