Mkono wa Hussein Mchinjaji

Mimi ni Mkristo wa Mungaa. Nauza kuku wa kienyeji Singida Mjini, na kwa miaka mingi kuku wangu wamechinjwa na Hussein tu. Mteja akishanunua, anahamia banda la jirani. Hussein anachinja, mkewe Hajira ananyonyoa. Hussein alikuwa na mkono mwepesi, kuku hajui hata kilichompata.

Kisha mkono ukaanza kuwa mzito. Tukamtania kwamba uzee unabisha hodi, naye hakucheka. Akitembea, mkono wa kulia ulining'inia tu kama si wake, na kufunga vifungo vya shati kukawa kibarua. Hospitalini wakamwambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili uchelewe kutii. Akapewa vidonge, akapelekwa kwa Theodora, mtaalamu wa viungo.

Hapo nusura mambo yaharibike. Hussein alisema hashikwi na mwanamke asiye mkewe, hata kwa matibabu. Theodora hakubishana naye.

"Basi mzee wangu, mama atakushika, mimi nitamwelekeza."

Hajira akafundishwa kukanda shingo na mabega, kuunyoosha mkono taratibu na kukizungusha kifundo chake. Theodora aliwaeleza wazi kwamba kukanda hakuponyi, na vidonge visiachwe. Kukanda kunalegeza tu misuli iliyokakamaa, mwili upate nafuu ya kusogea kwa muda.

Muda huo ndio Hussein alioutaka. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda nyuma ya banda, Hajira akamkanda mpaka bega likalegea, ndipo akashika kisu. Dini inataka mnyama asiteswe, naye alikuwa ameapa kwamba siku mkono ukikwama juu ya shingo ya kuku, hachinji tena. Lakini bila kuchinja alijiona si mtu. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Ikaja harusi. Sultani, mwenye duka la vitambaa, alikuwa anaoza binti, akaleta matenga ya kuku. Hussein alichinja vizuri mpaka jua likapanda. Akashika jogoo mwingine, akasema bismillahi, kisu kikafika shingoni kikasimama. Mkono haukwenda. Jogoo hakuwa amekwaruzwa hata kidogo.

"Mama Ashrafu," Hussein akamwita mkewe, "njoo ushike kisu."

Sultani akaruka. "Mwanamke achinje kuku wa harusi yangu?"

"Dini haijamkataza. Unayemkataza ni wewe," Hussein akamjibu.

Hajira akanawa mikono, akasema bismillahi, akapitisha kisu mara moja. Ilikuwa kazi safi. Sultani akabaki anatazama viatu vyake, na mimi nikafurahi, sifichi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Hussein amesimama pembeni kwenye mlango wa banda, uso umemshuka, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Hajira alikuwa nyuma, amekwisha kupaka mafuta viganjani.

"Baba Ashrafu, njoo nikukande."

"Ya nini tena?" akajibu. "Kisu si unacho wewe?"

Hajira akamgeukia. Niliona macho yake yamelowa, lakini sauti ilikuwa ya kugomba.

"Mume wangu, mimi nilikuwa nakukanda wewe. Kisu sijawahi kukikanda. Njoo ukae."

Hussein akaja, polepole, akakaa.